Maswali ya Wasomaji: Je, Nihamie Firefox?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari na husoma magazeti kwa simu ya Android. Siku hizi habari hufunikwa na matangazo hata maandishi hayaonekani, na bando la wiki huisha kabla ya Ijumaa. Mwanafunzi wangu wa zamani amenishauri niachane na Chrome nitumie Firefox, akidai kuwa vivinjari vingine karibu vyote ni watoto wa baba mmoja. Je, ni kweli? Na nikihama, nitapoteza nywila zangu? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako hakukosea sana. Kila kivinjari kina injini, yaani sehemu inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa ukurasa unaouona kwenye kioo cha simu. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Microsoft ikafanya hivyo kwa Edge mwaka 2020, na leo vivinjari hivyo, pamoja na Brave, Vivaldi na kile cha simu za Samsung, vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, mradi ambao kwa sehemu kubwa unaendelezwa na Google. Safari ya Apple ina injini yake, na Firefox, iliyotoka rasmi Novemba 2004, inatumia Gecko.

Kwako wewe, hata hivyo, jambo kubwa ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari ili kukipa uwezo zaidi. Chrome ya Android haivikubali, ilhali Firefox ya Android inavikubali, na tangu Desemba 2023 vimefunguliwa kwa mamia. Kimoja kati ya hivyo, uBlock Origin, huzuia matangazo kabla hayajapakuliwa, na hapo ndipo bando linapopona, kwa sababu tangazo lisilofika kwenye simu halili data. Usitarajie miujiza ikiwa bando lako linamalizwa na video, kwani video yenyewe itapakuliwa kama kawaida. Lakini kwa msomaji wa magazeti kama wewe nafuu inaonekana siku ileile. Kwenye kompyuta, Google ilikamilisha mwaka 2025 kuzima viendelezi vya mfumo wa zamani ndani ya Chrome, uBlock Origin kamili ikiwemo, na nadhani hatua hiyo imeitangazia Firefox kuliko tangazo lolote la kulipia.

Pia Firefox huvitenga vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha kwenye kifaa chako: kila tovuti hupewa chungu chake, hivyo kampuni ya matangazo haiwezi kuvitumia kukufuata kutoka gazeti moja hadi duka la mtandaoni.

Anayekimbilia Firefox kwa kuichukia Google ajue, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, wenye kivinjari hicho, hutoka kwa Google hiyohiyo, inayolipa ili iwe injini ya kutafutia iliyowekwa tangu mwanzo. Tena zipo tovuti ambazo watengenezaji wake walizijaribu kwenye Chrome tu, nazo hugoma kwingineko; kwa sababu hiyo nakushauri usiizime Chrome kabisa. Na mwenzako mwenye iPhone asihangaike, kwa kuwa Firefox ya huko haina viendelezi hivi.

Kuhusu nywila, hazipotei. Zitabaki kwenye akaunti yako ya Google hata ukihama. Njia rahisi ni kuzihamisha kwa kompyuta: zitoe Chrome kama faili, liingize faili hilo kwenye Firefox, kisha ufungue akaunti ya Mozilla, nazo zitafika kwenye simu utakapoingia kwa akaunti hiyohiyo. Faili hilo huwa na nywila zako zote zikiwa wazi, kwa hiyo lifute mara tu kazi ikikamilika, na usilisahau kwenye pipa la taka la kompyuta, hasa ikiwa kompyuta yenyewe ni ya ofisi ya walimu.