Rebel 500 au CB500X: injini moja, miili miwili

SWALI: Mimi ni afisa ugani, ninaishi Iringa mjini. Nimeendesha pikipiki ya cc 150 kwa miaka tisa, na sasa nimeweka akiba ya kununua pikipiki kubwa iliyotumika. Nimebaki na mbili, zote za Honda: Rebel 500, ile ya mtindo wa kruza yenye kiti cha chini, na CB500X, iliyoinuka kwa ajili ya safari ndefu. Mara mbili kwa mwezi ninakwenda Pawaga kwa barabara ya vumbi, na kila baada ya miezi michache ninashuka Dar es Salaam. Urefu wangu ni sentimita 165. Rafiki zangu wanasema kwamba mtu wa kimo changu achukue iliyo chini, kwa kuwa ndiyo salama zaidi. Je, wamesema kweli? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wamesema kweli kuhusu pikipiki iliyosimama. Kwenye foleni, kituoni unapojaza mafuta, na pale unapoigeuza uani, kiti cha chini humpa mtu wa kimo chako utulivu mkubwa. Pikipiki inapotembea, hasa kwenye barabara mbovu, hesabu hubadilika, na kwa njia ulizozitaja ushauri wangu ni CB500X. Nitaeleza sababu, kisha nitarudi kwenye kimo chako, kwa maana ni jambo la kushughulikiwa na si la kupuuzwa.

Tofauti usiitafute kwenye injini. Zote mbili zina injini ya cc 471, silinda mbili zilizopangwa sambamba, inayopozwa kwa maji, na gia sita. Nguvu yake ni takriban nguvufarasi 46 kwa Rebel na 47 kwa CB500X, na Rebel imepangwa ili msukumo wake uje mapema kidogo, injini ikiwa bado katika mizunguko ya chini. Uzito nao unakaribiana sana: Rebel ina kilo 191 hivi, na CB500X ina kati ya 195 na 199 kulingana na mwaka wa kutengenezwa, zote zikiwa zimejazwa mafuta. Kwa hiyo utakachokuwa unachagua ni fremu, shokapu, matairi na namna mwili wako utakavyokaa kwa saa nyingi.

Anza na shokapu, kwa kuwa ndipo Pawaga itakapokuhukumu. Shokapu za mbele za Rebel zina mwendo (yaani umbali zinaoweza kubonyea) wa takriban milimita 120, na za nyuma hazifiki 100. Katika hizo za nyuma, kiasi cha theluthi moja huisha pale tu unapokaa, kwa sababu springi hulazimika kubeba uzito wako kwanza. Ukiongeza mfuko wa mbegu au abiria, kinachobaki kwa ajili ya shimo ni kidogo mno, na shimo likizidi hapo shokapu hugonga mwisho wake na kishindo chote huingia kwenye rimu na kwenye uti wako wa mgongo. CB500X ina mwendo wa kati ya milimita 135 na 150 mbele, kutegemea toleo, na wa nyuma pia unaizidi Rebel kwa mbali. Nafasi iliyopo kati ya tumbo la pikipiki na ardhi ni takriban milimita 180 kwa CB500X, ilhali ya Rebel haifiki 140. Matuta ya vijijini, ambayo mengi hujengwa bila kipimo, yatakuonyesha tofauti hiyo hata kabla hujaiacha lami.

Kuhusu magurudumu, utasikia watu wakisema kwamba rimu ya inchi 19 ya CB500X hupanda mashimo vizuri kuliko ile ya inchi 16 ya Rebel. Hapa napenda tupime, kwa sababu kinachokutana na shimo ni gurudumu zima pamoja na tairi. Tairi la mbele la CB500X ni 110/80-19 (upana wa milimita 110, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana huo, na rimu ya inchi 19), na ukipiga hesabu, kipenyo chake cha nje ni kama milimita 659. La Rebel ni 130/90-16, nene na la juu, nalo hufikia milimita 640. Tofauti ni sentimita mbili tu, na peke yake isingenifanya nikushauri chochote. Lililo muhimu ni upana. Tairi jembamba hukata mchanga na vumbi jepesi hadi likafika chini kwenye udongo mgumu, na usukani ukaendelea kukutii. Tairi pana huelea juu na kulisukuma vumbi mbele yake, na hapo ndipo pikipiki huanza kuyumba kama mtu anayetafuta njia gizani.

Linalofuata ni mkao. Kwenye barabara yenye mikunjo midogo midogo kama ya bati, dereva mzoefu husimama juu ya vikanyagio, akalegeza magoti, na miguu yake ikawa shokapu ya pili. Kwenye CB500X vikanyagio viko chini ya mwili na usukani umeinuka, kwa hiyo kusimama ni jambo la kawaida. Kwenye Rebel kiti kiko milimita 690 tu kutoka ardhini, magoti yamekunjwa na vikanyagio vimesogea mbele kidogo. Kujiinua kutoka hapo ni kama kuinuka kwenye kigoda, na hakuna atakayeweza kufanya hivyo kila baada ya mita kumi. Utabaki umekaa, na mgongo utapokea kila kitu. Wewe unakwenda huko mara mbili kwa mwezi, mwaka hadi mwaka, na mgongo hauna spea.

Kwenye lami ya kwenda Dar es Salaam, ambayo ni takriban kilomita 500, Rebel itajitetea vizuri zaidi. Imetulia, injini yake ni laini, na kwa saa mbili za kwanza huenda ukaifurahia kuliko nyingine. Hata hivyo, haina kioo cha kukinga upepo, na mwendo ukizidi kilomita 90 kwa saa kifua chako hugeuka tanga ambalo mikono ndiyo inayolizuia. Katika kona za mlima wa Kitonga, ulio njiani, pia utagundua kwamba vikanyagio vyake hukwaruza lami mapema pikipiki inapolala, jambo linalomshtua sana dereva asiyelitarajia huku lori likipanda upande wa pili. Tangi la Rebel hubeba lita 11.2; kwa makadirio ya lita 4 kwa kila kilomita 100, hizo ni kilomita 280. Tangi la CB500X, la lita 17 na nusu hivi, litakupeleka zaidi ya kilomita 430. Kwenye barabara kuu yenye vituo vingi hili si kubwa, lakini nje ya lami ni afadhali usitegemee petroli ya kwenye chupa.

Sasa kimo chako. Kiti cha CB500X kiko milimita 830 kutoka ardhini, na kwa urefu wa sentimita 165 hutafika kwa nyayo zote mbili. Nakushauri usimame ukutani ukiwa umevaa viatu vyako vya safari, ushike kitabu kigumu katikati ya mapaja kikiwa kimegusa sehemu ya juu kabisa, kisha mtu akupimie kutoka kitabu hadi sakafuni. Ukipata sentimita 78 au zaidi, utaimudu, kwa kuwa uzito wako utaishusha pikipiki sentimita kadhaa na vidole vya miguu vitagusa. Ukipungukiwa, mpelekee fundi wa viti apunguze sponji kwa sentimita mbili na, la muhimu zaidi, apunguze upana wa kiti pale mapaja yanapopita, kwa sababu upana nao hula urefu wa mguu. Usikubali fundi akate springi wala abadilishe viungo vya shokapu ya nyuma peke yake bila kurekebisha mbele: pikipiki itainamia nyuma, stendi itakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, na utakuwa umeutupa ule mwendo wa shokapu ulioulipia.

Jifunze pia kusimama kwa mguu mmoja: telezesha makalio upande wa kushoto wa kiti, uweke unyayo mzima wa kushoto chini, na mguu wa kulia ubaki kwenye breki. Fanya mazoezi uwanjani wiki mbili kabla ya safari yoyote. Hata hivyo, uwezekano wa kuiangusha ikiwa imesimama katika miezi ya mwanzo ni mkubwa, kwa hiyo funga vyuma vya kukinga injini pembeni na bamba la chuma chini yake siku hiyohiyo utakayoinunua. Na kama pikipiki zote mbili unazozifikiria zina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokamata breki), elewa kwamba hazina kitufe cha kuizima. Kwenye changarawe umbali wa kusimama utaongezeka, basi punguza mwendo mapema.

Katika ununuzi, tazama tairi la mbele kabla ya kutazama rangi. CB500X za tangu 2013 hadi 2018 zilikuwa na rimu ya mbele ya inchi 17 na tairi la 120, la lami zaidi. Zilizofaa vumbi ni za kuanzia 2019, na za 2022 zilipata diski mbili za breki mbele. Tangu 2024 pikipiki hiyo inauzwa kwa jina la NX500. Ukiagiza kutoka Japani, jihadhari na 400X, ambayo ukiiona kwa nje huwezi kuitofautisha kwa haraka. Injini yake ni ya cc 399, iliyotengenezwa hivyo kwa sababu ya daraja la leseni la huko linaloishia cc 400. Si pikipiki mbaya, lakini usiilipe bei ya 500, na spea za ndani ya injini usiagize kwa jina bali kwa namba ya fremu.

Ushauri wangu ungegeuka kwa sharti moja. Ikiwa ofisi yako ina gari ambalo litakupeleka Pawaga, na pikipiki itabaki kuwa ya mjini na ya lami, basi chukua Rebel bila wasiwasi. Vinginevyo chukua CB500X ya 2019 au baadaye, na pamoja nayo uagize mapema cheni na sproketi zake, pedi za breki, kichujio cha hewa, na mikono ya klachi na breki, kwa kuwa hivi ndivyo vumbi na maanguko hula kwanza na si vitu utakavyovikuta katika duka la spea za bodaboda.