Kona za michezo darasa la awali wakati wa baridi ya Makete: geuza ratiba kwanza

Mwalimu, umeandika kwamba una watoto 43 wa awali, shule iko juu huko Makete, mkoani Njombe, na tangu Juni ianze kona zako za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia, zimelala. Watoto wanajikunyata, penseli zinawadondoka, na sasa unafikiria kuingiza jiko la mkaa darasani. La jiko usithubutu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtoto ataumwa kichwa, atasinzia, nawe utadhani amechoka tu. Bado hatujagusa hatari ya mtoto kuliangukia.

Tatizo lako kubwa ni ratiba. Wengi wetu tunaweka kuandika, kutunga shanga na kufinyanga saa 2 asubuhi kwa hoja kwamba akili bado mbichi. Akili sawa, lakini vidole vimekufa ganzi. Mkono wa baridi haushiki vizuri na hausikii unachogusa, na mtoto anayeshindwa kufunga kifungo saa 2 anakifunga vizuri saa 4. Kwa hiyo anza na miguu na mabega: dakika 20 hadi 25 za kuruka kamba, kutambaa chini ya madawati, kubeba matofali ya maboksi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine huku wakihesabu. Mchezo wa nyama unafaa sana: unataja mnyama, wanaruka kama analiwa, wanatulia kama haliwi. Hapo wanapata msamiati, usikivu na joto kwa mpigo. Usiwakimbize mpaka watoke jasho, kwa sababu jasho likipoa ndani ya sweta wanatetemeka kuliko mwanzo. Wakianza kuhema kwa nguvu, simamisha.

Kisha uji, kama shule inatoa, ndipo kona za mikono, kuanzia saa 4 hivi.

Zipange kwa kufuata jua. Juni hadi Agosti jua la kwetu linapita kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini hauoni jua kutwa nzima, na upepo mwingi wa miezi hii hutoka kusini-mashariki, ule ule ambao watu wa pwani wanauita kusi. Kona ya kufinyanga na ya kuchora zikae kwenye madirisha ya kaskazini. Kona ya ujenzi, ambayo watoto hawatulii, ndiyo ivumilie upande wa kivuli. Siku isiyo na ukungu, toa mikeka nje ukutani upande wa kaskazini; mara nyingi pana joto kuliko darasani.

Sakafu ya saruji inanyonya joto la mtoto haraka. Tandika maboksi yaliyofunguliwa, tabaka mbili, juu yake mkeka au viroba vilivyoshonwa pamoja. Kila jioni yainue uyaegemeze ukutani, la sivyo yanavuta unyevu na kuota ukungu ndani ya wiki chache. Nyasi kavu na maganda ya mahindi usitandike, utafuga viroboto na panya.

Donge la kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta ya kula, na maji ya vuguvugu kidogo kidogo, yataishia kati ya robo tatu ya kikombe na kikombe kizima. Linatosha watoto sita, kila mmoja donge kama ngumi yake. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki. Siku za ukungu chumvi huvuta maji na donge linanata, basi ongeza kijiko cha unga, usilitupe. Ila angalia mikono kwanza, maana baridi hii inapasua ngozi na chumvi kwenye mpasuko inauma kwelikweli. Mwenye mipasuko mpake mafuta ya mgando, umpe udongo wa mfinyanzi. Na kama nyumbani kwao unga ni wa kuhesabu, wape wote udongo. Ufunge kwenye plastiki uuanike juani tangu asubuhi. Udongo wa baridi hakuna mtoto anayeutaka.

Kona ya duka igeuze duka la mitumba. Soksi 20 zilizochanganywa wazipange jozi, sweta wazipange kutoka ndogo hadi kubwa, bei walipe kwa visoda. Vifungo na zipu ni mazoezi ya vidole, na nguo wanazojaribu zinawapa joto. Kofia usiweke, chawa na mapunye vinahama nazo.

Sayansi unayo bure. Okota matunda makavu ya paini, yale yaliyofunguka. Tumbukiza matatu kwenye maji ya vuguvugu, matatu yabaki makavu. Ndani ya saa moja hivi yaliyolowa yamejifunga. Yaanike, siku inayofuata au ya pili yatafunguka tena. Waulize nini kitatokea kabla, si baada. Mabichi ya kijani hayafai, hayajakomaa.

Jambo pekee la sayansi ninaloruhusu lianze asubuhi mapema ni sakitu, yaani maji na umande vinavyoganda usiku wa baridi kali. Jioni mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia, weka sinia lenye maji ya kina cha sentimita 1 uwanjani na jingine chini ya mti. Palipo wazi joto la ardhi linapanda juu na kupotea, chini ya mti linazuiwa, hivyo mara nyingi la uwanjani tu ndilo linaloganda. Utando ni mwembamba, jua likiupiga haukawii kuyeyuka, basi watoto waukute wakiingia tu. Kipande kimoja juani, kimoja kivulini, kimoja kitiwe chumvi: kipi kitaisha kwanza?

Watoto wote watataka kona yenye jua. Pigilia misumari 9 kila kona, na kila mtoto anayeingia atundike kamba yake ya kisoda. Misumari ikijaa, kona imejaa. Zungusha kila dakika 20.

Baridi huongeza mkojo. Wapeleke chooni kabla ya kona, na uwe na suruali tatu za akiba. Dumu la kibuyu chirizi, lile la kunawia mikono, lianikwe juani mapema, maji yakiwa ya barafu watajifanya wamenawa.

Mthibiti ubora wa shule akiingia saa 2 akakuta wanaruka, atauliza. Andalio la somo lioneshe wazi kuwa kuruka kule ni kuhesabu na kufuata maelekezo, na kwamba kuandika kumewekwa saa 4:20.