Nembo ilibadilika mara nne, cheti kikabaki na jahazi

Cheti changu cha alama ya biashara kimetoka Jumanne iliyopita. Nilikuwa jikoni kwangu Makorora, hapa Tanga mjini, mikono imejaa bizari, binti yangu ndiye aliyenisomea kwenye simu. Nikakaa chini kwenye kibao cha mbuzi nikalia. Jioni hiyo hiyo dada mmoja wa Bagamoyo anayetengeneza sabuni ya mwani akaniandikia: "Dada, nimebadili nembo yangu na wateja wameipenda. Nisajili tena au ile ya zamani inanitosha?" Nilianza kumjibu kwa sauti nikaona haitoshi. Najua hayuko peke yake, sote tunaosaga, tunaokamua na tunaopika tunataka siku moja bidhaa yetu ikae dukani nje ya mkoa na mtu aiite kwa jina.

Nilianza 2015 kwa ndoo mbili za embe, nikiuza achari na viungo vya pilau. Lebo niliichora mwenyewe: jahazi limejaza tanga, mawimbi matatu chini, jina la biashara limezunguka. Nilikuwa na cheti cha jina la biashara nikadhani nimemaliza. La. Jina la biashara linakutambulisha wewe mfanyabiashara, halimzuii mtu kubandika picha yako kwenye chupa yake. Kinachozuia ni alama ya biashara, nayo ina sheria yake ya mwaka 1986, Sura ya 326. Mwaka 2017 nikasajili jahazi langu, nikatembea Ngamiani nzima kifua mbele.

Kisha biashara ikakua na mimi nikaanza kurembesha. Ramadhani nikaweka mwezi mwandamo juu ya mlingoti. Msimu wa embe, embe likakaa ndani ya jahazi. Kijana mchoraji akaniambia mawimbi yamepitwa na wakati, tukayafuta. Mwisho likafutwa jahazi lenyewe, likabaki tanga peke yake, la rangi ya manjano, na wateja wakaanza kusema "nipe ile ya tanga". Nilifurahi mno, maana mji wetu na nembo yangu vilikuwa vinaitana.

Mwaka 2023 nikaikuta chupa yangu Soko la Mgandini, na si yangu. Tanga lile lile, manjano ile ile, jina tu tofauti. Aliyeitengeneza alikuwa akinunua kwangu kwa jumla miaka miwili, amekula futari kwangu, watoto wangu wanamwita mjomba. Nilipomwendea hakupandisha sauti. Aliniuliza: "Cheti chako kina picha gani?"

Kilikuwa na jahazi.

Mwanasheria niliyempelekea alinieleza polepole, na sitasahau. Sheria inalinda picha iliyo kwenye daftari la Msajili wa alama za biashara. Ukibadilisha kitu kidogo ambacho hakigusi sura ya alama, bado inahesabika unaitumia ile ile, na unaweza kumwomba Msajili aruhusu mabadiliko hayo yaingie kwenye daftari. Lakini mimi nilikuwa nimeondoa jahazi! Tena alama isiyotumika miaka mitatu mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe. Kwa hiyo ile niliyoisajili sikuitumia, na ile niliyoitumia sikuisajili. Mbaya zaidi, bidhaa husajiliwa kwa madaraja, yaani makundi, na usajili wangu ulikuwa daraja la 30, la viungo, na achari inakaa daraja la 29. Madaraja yote ni 45, na kila moja lina ombi lake.

Je, nisingeweza kwenda mahakamani bila cheti? Ningeweza. Mahakama humlinda pia mtu ambaye alama yake haijasajiliwa, ila ni wewe wa kuthibitisha kwamba wateja wanaijua kuwa ni yako na kwamba wanadanganyika. Picha zangu zote zilikuwa kwenye simu iliyotumbukia baharini pale Deep Sea. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi niliimba methali hiyo tangu madrasa bila kuisikia.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa fomu na nauli. Tuliomba tanga peke yake, kwa rangi nyeusi na nyeupe ili nisijifunge kwenye manjano, madaraja yote mawili. Neno "Tanga" hatukuliomba, ni jina la mahali na kila mtu wa hapa ana haki nalo. Ombi likatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, zikahesabiwa siku 60 za pingamizi. Siku hizo nililala kwa mang'amung'amu. Hakuna aliyepinga. Yule bwana amebadili lebo zake. Tukikutana hanisalimu, na inaniuma, kwa sababu aliyeumizwa ni mimi.

Sasa dada yangu wa Bagamoyo, na wengine. Chukueni kanga. Kanga moja hutoka kwa rangi tatu au nne, lakini mji wake, ule mchoro wa katikati, na pindo lake mwanamke wa Pwani huvitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Google hubadilisha nembo yake siku za kumbukumbu tangu 1998, MTV ilianza 1981 na herufi yake kubwa ikijazwa rangi na michoro tofauti kila mara. Wanacheza na mapambo, umbo la msingi limekaa kwenye daftari. Tafuta mji wa kanga yako. Ni kile ambacho mteja anakitaja akiagiza, si kile unachokipenda wewe. Hicho kisajili peke yake, bila mwezi, bila embe, bila maandishi ya msimu. Ukiona pambo limeanza kuwa ndilo linalotajwa, lisajili nalo, mapema. Kila lebo mpya ipige picha, andika tarehe, weka na risiti ya mchapaji. Na usimwachie mchoraji aamue kipi kifutwe. Yeye anaona karatasi, wewe unaona sokoni.

Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10, andika ukutani. Na mnaovusha mzigo Pemba na Unguja, cheti cha Bara hakivuki bahari, Zanzibar ina msajili wake. Mimi naanza huko mwezi ujao.

Jahazi sikulitupa. Nimelirudisha dogo kwenye kifuniko, na mawimbi yake matatu.