R na Python zinagoma kwenye Ubuntu ya ofisi: usifute mfumo, anza na saa

Mkuu, nimekusoma. Uko Newala, una kompyuta ya mezani ya zamani ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yenye mfumo wa Ubuntu 24.04, unataka R na Python, lugha za kuchambulia data, zikae sawa kabla minada ya korosho haijaanza ili uchambue uzito na madaraja ya kila mkulima. Kila ukijaribu unapata makosa, na sasa unafikiria kufuta kila kitu uanze upya. Usifute. Nahudumia mashine za aina hiyo hapa Mtwara mjini, Masasi na Tandahimba, na mara nyingi programu yenyewe ni nzima, ugonjwa uko pembeni yake. Ukifuta utamaliza bando na kosa utalikuta palepale.

Anza na saa. Kosa la juu kabisa ulilobandika linasema Release file "is not valid yet". Maana yake mashine yako inaamini leo ni tarehe ya nyuma, kwa hiyo orodha ya pakeji iliyotiwa saini juzi inaiona kama ya siku ambayo haijafika. apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, inaikataa, na ina haki. Andika `timedatectl` uangalie mwaka. Ukiwa si wenyewe, weka tarehe na saa za kweli kwa `sudo date -s "2025-09-15 09:30"` (badilisha iwe ya siku yako), kisha `sudo apt update`.

Chanzo kwenye mashine za zamani huwa ni kile kibetri cha duara kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), CR2032, kinachotunza saa. Kikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Karani mmoja Tandahimba aliambiwa intaneti yake ni mbovu, maana hata kivinjari kilikataa kila tovuti ya https. Akabadilishiwa modemu, hali ikawa ileile. Tulipofungua kasha tukakuta kibetri kimeota ukungu wa kijani ukingoni. Tukaweka kipya, tukarekebisha saa, kurasa zikafunguka na apt ikaendelea. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu wa mtandao, tazama saa.

Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha utaona "dpkg was interrupted" (dpkg ndiyo apt inayoitumia kuweka pakeji). Hapo ni `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`, basi. Bando likiisha katikati, rudia amri ileile, apt haipakui tena mafaili yaliyokwisha kushuka. Ukiambiwa /var/lib/dpkg/lock-frontend imeshikiliwa, subiri, mashine inajisasisha yenyewe. Anayekushauri ufute faili hilo la kufuli anakutafutia matatizo makubwa zaidi.

Kwa Python, "externally-managed-environment" si ubovu. Ubuntu inatumia Python kwa kazi zake za ndani, ndiyo maana inakuzuia usimwage pakeji za pip (kisakinishi cha Python chenyewe) juu ya zake. Usitumie `--break-system-packages` kwenye mashine ya ofisi, nakusihi. Kwa kazi yako `sudo apt install python3-pandas`, pakeji ya kuchambulia majedwali, inatosha. Ukitaka toleo jipya zaidi, sakinisha python3-venv, tengeneza chumba cha peke yake kisichogusa Python ya mfumo kwa `python3 -m venv ~/korosho`, kiwashe kwa `source ~/korosho/bin/activate`, ndipo utumie pip.

R ndiyo inayochosha watu. Kwenye Linux, ukiandika `install.packages("tidyverse")` (mkusanyiko wa pakeji za kuchambulia data) kwa kawaida R inashusha msimbo na kuujenga hapohapo kwenye mashine yako, na ujenzi unahitaji maktaba za mfumo. Kwa kosa la R umebandika mstari wa mwisho tu, "non-zero exit status", ambao hausemi lolote la maana. Panda juu mpaka kosa la kwanza. Utakuta "libcurl was not found", na chini yake imeandikwa kabisa kwamba kwenye Debian na Ubuntu usakinishe libcurl4-openssl-dev. Dawa iko kwenye skrini. Wenzake wa kawaida ni libssl-dev na libxml2-dev.

Ila kwa mashine yenye RAM ya GB 2 kama yako sikushauri kujenga chochote. Itachukua saa nyingi, na kumbukumbu ikijaa ujenzi unakatwa na neno moja tu, "Killed". Tumia `sudo apt install r-cran-tidyverse`, inakuja ikiwa imeshajengwa. Toleo ni la nyuma kidogo, lakini kujumlisha kilo na kutenganisha daraja la kwanza na la pili halihitaji zaidi ya hapo.

Ukimaliza jaribu `Rscript -e 'library(tidyverse)'`. Ikigoma, bandika hapa kosa lote kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na majibu ya `free -h` na `df -h`, nitakujibu.