Maziwa ya Mtoto Yamekatwa, Deni Liko Palepale

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, na tunaishi Morogoro mjini katika vyumba viwili vya kupanga kwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, nami ni fundi cherehani. Mwaka jana mdogo wake alipata ajali ya bodaboda akalazwa miezi miwili, na tangu hapo madeni yametuandama. Baada ya makato ya mkopo wa benki, mume wangu hubakiwa na 420,000, na mimi napata kama 160,000 kwa mwezi. Chakula, mkaa na vitafunwa vya asubuhi hugharimu 11,000 kwa siku.

Ukiacha benki, tunadaiwa 240,000 za VICOBA, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambazo narejesha 60,000 kila mwezi. 95,000 za duka la jirani. 200,000 alizotukopesha dada yangu bila riba. Na 300,000 ambazo mume wangu alichukua kwa mkopeshaji wa mtaani. Huyo anashikilia kadi yake ya benki na kutoa 60,000 za riba kila mwisho wa mwezi, na huu ni mwezi wa tano. Kikundi chetu hukopesha hadi mara tatu ya hisa kwa riba ya asilimia 10 ya mkopo mzima, na nina hisa za 350,000.

Tumekwisha kubana matumizi. Tumeacha nyama, tumeacha kulipia king'amuzi, na mtoto wetu wa mwisho nimemkatia nusu lita ya maziwa aliyokuwa akinywa kila siku. Hata hivyo, kila ifikapo tarehe 20 nakwenda dukani kukopa unga. Nikate nini tena?

Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Maziwa ya mtoto yarudishe kesho asubuhi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba fedha iliyookolewa kwenye nyama, kwenye king'amuzi au kwenye maziwa ilipelekwa kwa mdai fulani siku fulani, na sikupaona. Mmejinyima kweli, lakini kilichopatikana kwa kujinyima kimebaki ndani ya nyumba, na fedha inayobaki ndani ya nyumba yenye shida haikosi shughuli: itakuwa nauli, itakuwa vocha, itakuwa rambirambi. Mtoto amekosa maziwa na mdai hakupata kitu.

Sasa tumtazame huyo aliyeshika kadi. Shilingi 60,000 kwa miezi mitano ni 300,000, yaani mmekwisha kumlipa sawasawa na alichowapa, na bado anawadai 300,000 zilezile. Hiyo ni riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Watu wa mitaani hawakukosea walipoipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu. Kwa hesabu ya jikoni kwako, kila mwezi mtu huyu anaondoka na chakula cha siku tano na nusu cha watu watano, na ndiyo maana unga unakwisha kabla ya mwezi. Ukimwachia miezi mitano mingine, hakuna kitu utakachokikata jikoni kitakachokutosha.

Wakopeshaji wa aina yake wanatajwa katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakiwa katika daraja la pili pamoja na kampuni zinazokopesha bila kupokea amana. Wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na ukomo wa riba waliowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000 hiyo ni 10,500, si 60,000. Mume wako amwombe amwonyeshe leseni na nakala ya mkataba. Mara nyingi swali hilo tu hulainisha mazungumzo. Hata hivyo, sikushauri mkae mkingoja haki huku kadi iko mfukoni mwa mtu mwingine, kwa sababu mwisho wa mwezi haungoji.

Njia iliyo karibu nanyi ni kikundi chako. Hisa zako za 350,000, kwa kanuni ya mara tatu, zinakupa nafasi ya kukopa hadi 1,050,000, na umetumia sehemu ndogo tu. Omba 300,000 nyingine kwa marejesho ya miezi sita. Pamoja na riba itakuwa 330,000, sawa na 55,000 kwa mwezi. Kwa kawaida mtu akiniambia anakopa ili alipe deni humwambia aketi kwanza, maana kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa unahama kutoka deni la 60,000 kwa mwezi lisilo na mwisho kwenda deni la 55,000 kwa mwezi linalokwisha mwezi wa sita, na riba yenyewe sehemu yake itakurudia mtakapogawana faida ya kikundi mwisho wa mzunguko. Sharti langu ni kwamba fedha hiyo isilale nyumbani hata usiku mmoja. Mume wako amkabidhi mkopeshaji mbele ya shahidi, apewe stakabadhi yenye maneno kwamba deni limekwisha, na achukue kadi papo hapo. Kisha aende tawini akabadilishe namba ya siri, na kama mkopeshaji atakataa kuirudisha kadi, aiombe benki iifunge na kumpa nyingine.

Huenda mume wako atakuja na wazo la kuongeza mkopo benki. Walimu wengi wameangukia hapo. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, kwa hiyo pengine nafasi haipo. Na hata ikiwapo, mkopo wa zamani hufutwa ndani ya mpya na miaka ya kulipa huanza upya. Mkopo wa benki uacheni uendelee kukatwa kama unavyokatwa.

Baada ya hapo ndipo tuingie jikoni, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu hukata vitu visivyostahili. Shida ya nyumba nyingi za kipato kama chenu si kula sana, bali ni kununua kwa kupima. Mkaa wa kopo, mafuta ya kula ya kupimiwa kwenye mfuko, sukari ya robo, sabuni ya kipande: kila kimoja ni bei ndogo siku hiyo, lakini jumla yake mwisho wa mwezi huzidi bei ya gunia, ya dumu au ya mfuko mzima. Kila mtu anajua hivyo, na kila mtu huuliza fedha ya gunia aitoe wapi. Usijaribu kununua vyote kwa jumla mwezi mmoja, kwa sababu ndipo watu hukwama wakarudi dukani. Mwezi wa kwanza nunua kitu kimoja, na ningeanza na mkaa; tafuta jirani mgawane gunia kama huliwezi peke yako. Kilichobaki kutokana na mkaa kitanunua dumu la mafuta mwezi wa pili, na baada ya mafuta ufuate unga. Maharage yalowekwe tangu jioni, yachemshwe ya siku mbili kwa moto mmoja, kisha yaungwe kidogo kidogo.

Vitafunwa vya asubuhi navyo vitazame. Ndani ya hizo 11,000, sitashangaa kama 2,500 ni chapati na maandazi ya kununua. Viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha au uji wa nyumbani kwa watu watano vinaweza kuishia kwenye 1,000. Tofauti ni 45,000 kwa mwezi, na humo maziwa ya mtoto yamo na chenji inabaki. Najua fundi cherehani mwenye nguo za wateja hana asubuhi ndefu. Basi mwalimu ndiye aamke kupika uji. Hilo si jambo la kumwonea aibu.

Umeme nitausema kwa kifupi, kwa kuwa hukuutaja. Mteja wa nyumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo, yaani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na kwa kila uniti inayozidi hapo hutozwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Katika nyumba za kupanga wapangaji wengi hutumia mita moja, hivyo kila mmoja hulipa bei ya mtumiaji mkubwa hata kama ana balbu mbili. Zungumzeni na mwenye nyumba kuhusu mita ya kila mpangaji, ingawa, tuseme kweli, wenye nyumba wengi hawana haraka na jambo hilo.

Nakadiria kwamba mkaa, mafuta na vitafunwa vitakuachia kama 70,000 kwa mwezi. Toa 30,000 za maziwa, zinabaki 40,000. Hizo zisisubiri mwisho wa mwezi: kila Jumamosi peleka 10,000 dukani, uone kwa macho yako jina lako likipunguzwa kwenye daftari, na tangu Jumamosi ya kwanza usikope tena kitu hata kiberiti. Deni la duka litakwisha mwezi wa tatu na chenji kidogo. Mwezi wa nne hizo 40,000 ziwekeni akiba ya dharura, maana mtoto huumwa bila kuangalia ratiba ya madeni. Wakati huohuo deni lako la zamani la VICOBA litakuwa limekwisha, na kuanzia mwezi wa tano zile 60,000 zikiungana na 40,000 za jikoni zitampa dada yako 100,000 kwa miezi miwili. Dada yako usimwache gizani hadi siku hiyo. Mpigie simu wiki hii umtajie mwezi utakaoanza kumlipa. Ndugu anayejua tarehe huvumilia, na anayekwepwa hukasirika hata kama fedha ni kidogo.

Limebaki la michango. Msiba nenda na ulichonacho, lakini kwa kadi za harusi na sendoff kubalianeni wewe na mume wako kiwango kimoja kwa mwezi mzima, na kikiisha jibuni kwamba mwezi huu hatuna. Mazungumzo hayo yafanyeni pamoja na hesabu yote niliyoandika, daftari likiwa mezani. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka mingi, na nimeona mara nyingi kwamba kadi ya benki hupelekwa kwa mkopeshaji na mume aliyeona haya kumwambia mke wake kwamba mshahara umekwisha. Usimlaumu kwa hilo usiku huo. Mwambie tu kwamba kadi inarudi.

SWALI

Shangazi, shikamoo. Nimesoma ushauri wako wa matoleo yaliyopita, lakini deni langu ni la programu ya simu. Nilikopa 80,000, sasa wanadai 140,000 na wanawatumia ndugu zangu na wateja wangu ujumbe wa kunidhalilisha. Nibane matumizi niwalipe hawa kwanza?

Muuza Genge, Tanga

JIBU

Marahaba. Kwanza chunguza kama programu hiyo ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na huenda yako imo. Kuwatumia jamaa zako ujumbe wa kukuaibisha ni kosa lingine peke yake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu mtu atumie taarifa zako kwa namna ambayo hukuikubali, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hata hivyo, zile 80,000 ulizila, na ni haki zirudi. Bana matumizi ya genge kwa wiki chache, hasa bidhaa zinazoozea kwenye meza, ulipe fedha uliyokopa kupitia namba rasmi ya malipo ya programu hiyo na si kwenye simu binafsi ya mtu anayekutisha, kisha uwaandikie kwamba unapinga hiyo ziada ya 60,000. Usikope kwenye programu ya pili ili uilipe ya kwanza. Kufuta programu hakutaondoa majina waliyokwisha kuyachukua kwenye simu yako, hivyo waambie mapema ndugu na wateja wako wapuuze ujumbe huo wasiujibu. Ujumbe uliotumwa kwako wewe usiufute hata mmoja. Uupige picha, pamoja na namba na tarehe zake, uende nao polisi.