Maswali ya Wasomaji: Diski Halali, Televisheni Nyeusi

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa Chumbageni, Tanga. Nimetenga kompyuta moja sebuleni kwa ajili ya filamu, yenye draivu ya Blu-ray. Waya wa HDMI unatoka kwenye kompyuta, unapitia kwenye amplifaya na kuishia kwenye televisheni mpya ya 4K. Skrini yangu ya zamani ya VGA nimeiacha ikionyesha kile kile kilichoko kwenye televisheni, ili nichague filamu bila kuwasha televisheni. Kaka yangu anayeishi Uingereza ameniletea diski halisi, zikiwa bado na nailoni yake. Video za harusi zinaonekana vizuri kabisa, lakini diski nyingi za kaka zinaleta kioo cheusi, na programu inasema kuwa kifaa cha kuonyeshea hakina ulinzi. Umeme ukikatika na kurudi, hata video za harusi hupotea mpaka nichomoe waya na kuuchomeka upya. Fundi ameniambia televisheni ni mbovu, nibadilishe. Je, ni kweli?

JIBU: Usibadilishe televisheni. Video za harusi hazina kufuli lolote, kwa hiyo kompyuta huzituma kwa yeyote aliye upande wa pili wa waya. Filamu ya Blu-ray haitumwi hivyo. Kabla ya kuitoa, kompyuta hukihoji kila kifaa kilichounganishwa ili kuthibitisha kuwa kina funguo za siri za mfumo wa HDCP, uliobuniwa na kampuni ya Intel, kisha huifunga picha kwa funguo hizo inapopita kwenye waya. Amplifaya yako iliyoko katikati inatakiwa kujieleza yenyewe, na pia kuieleza kompyuta ni nani aliye nyuma yake. Kifaa kimoja tu kikikosa funguo, picha inazuiwa.

Katika maelezo yako, mtuhumiwa wa kwanza ni ile skrini ya VGA. Waya wa VGA hauwezi kubeba HDCP kwa namna yoyote, na kwa kuwa umeiagiza kompyuta ionyeshe picha ile ile pande zote mbili, programu inaona mlango mmoja uliofungwa na mwingine ulio wazi, na hivyo inakataa kote. Ichomoe kabisa, kwani kuizima kwa swichi yake hakutoshi, kisha uwashe programu upya na ujaribu diski ile ile. Nina hakika kubwa kwamba nyingi zitacheza hapo hapo.

Zikibaki zinazokataa, iruke amplifaya na upeleke waya wa HDMI moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye televisheni. Diski ikicheza, umempata mkorofi wako. Kwa Blu-ray za kawaida amplifaya ya miaka mingi huweza kutosha, ila filamu za 4K hudai toleo la 2.2 la HDCP, na amplifaya iliyotengenezwa kabla ya toleo hilo haiwezi kulipata kwa kusasisha programu zake, kwa sababu linategemea kifaa chenyewe. Huhitaji kununua nyingine. Acha kompyuta iunganishwe na televisheni moja kwa moja, na sauti uirudishe kwenye amplifaya kwa tundu la televisheni lililoandikwa ARC, au kwa waya wa mwanga ikiwa amplifaya haina tundu hilo. Utapoteza baadhi ya miundo mikubwa ya sauti, jambo ambalo kwa sebule ya kawaida si msiba.

Kuhusu umeme, tatizo si kufuli, ndiyo maana hata video za harusi hupotea: kompyuta huuliza pia televisheni inaweza kuonyesha picha ya aina gani, na vifaa vyote vikizinduka kwa pamoja huweza kuuliza wakati wenzake hawajawa tayari kujibu, na baadhi ya kompyuta hazirudii swali vizuri. Washa televisheni kwanza na uchague tundu sahihi, kisha amplifaya, na kompyuta iwe ya mwisho. Na ukiona picha ikija na kutoweka katikati ya filamu, utazame waya wenyewe: katika HDCP za mwanzo uhakiki hurudiwa kila baada ya sekunde takribani mbili, kwa hiyo kichwa cha waya kilicholegea, au kilichoshikwa na kutu ya hewa ya bahari, hutosha kuukata.

Lipo pia kufuli la pili, AACS, lililomo ndani ya diski yenyewe. Programu ya kuchezea filamu ina funguo zake, na funguo hizo zinaweza kufutwa na diski zinazotolewa baadaye. Mwaka 2007 programu ya WinDVD ilifutiwa funguo baada ya kuvuja, na watumiaji wake wakalazimika kusasisha. Ndiyo maana diski ya mwaka juzi hucheza na ya mwaka huu ikagoma kwenye programu isiyosasishwa. Kwa Blu-ray za 4K masharti ni makali zaidi: programu rasmi zilihitaji kipengele cha Intel kiitwacho SGX, sehemu ya prosesa inayotunza siri za programu, ambacho kampuni hiyo imekiondoa katika prosesa za kompyuta za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Kwa hiyo kompyuta mpya zaidi inaweza kushindwa pale ambapo ya zamani inaweza. Anayetaka diski za 4K hasa, namshauri anunue deki ya Blu-ray ya 4K na kuiacha kompyuta ifanye kazi nyingine.

Inaudhi, nakubali, kwamba aliyelipia diski ndiye anayesumbuliwa, ilhali mwenye nakala ya wizi hakumbani na kioo cheusi hata siku moja. Hata hivyo programu za kuvunja makufuli haya hatuzielekezi hapa, kwa kuwa filamu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

SWALI: Natumia kompyuta kuwaonyesha watoto katuni hapa Makorora. DVD nyingine ameleta shemeji kutoka Dubai, nyingine mjomba kutoka Marekani. Kila nikibadilisha, kompyuta inaniuliza eneo la dunia ambalo DVD imetengenezewa, na sasa inasema imebaki nafasi moja. Nikiweka Windows upya, hesabu itaanza mwanzo?

JIBU: Haitaanza, dada, kwa sababu hesabu hiyo imo ndani ya draivu. Draivu za DVD huruhusu kubadilisha eneo mara tano, na baada ya hapo hubaki katika eneo la mwisho. Tanzania iko katika eneo namba 5, Dubai namba 2, Marekani namba 1. Tumia nafasi iliyobaki kwa eneo lenye diski nyingi zaidi nyumbani kwako. Zilizosalia zitafutie deki isiyobagua maeneo, na nenda dukani na diski mojawapo ya mjomba ili ichezwe mbele yako kabla hujalipa.