Hesabu pumzi mpaka kumi, usipite hapo

Anayeanza meditesheni, yaani zoezi la kukaa kimya na kutuliza akili, huniuliza afanye nini ili akili isizurure. Jibu langu huwa haliwapendezi wengi: itazurura tu. Watafiti wa ubongo wameonyesha kuwa yapo maeneo ya ubongo yanayochangamka zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu, na ndiyo maana ukifumba macho unakutana na kodi ya nyumba, ujumbe ambao hukuujibu na maneno ambayo ungemwambia shemeji siku ile. Hapo hakuna kilichoharibika.

Unachohitaji ni njia ya kugundua mapema kwamba umeshaondoka. Mimi nilisaidiwa na kuhesabu pumzi. Vuta, toa, moja. Vuta, toa, mbili. Ukifika kumi unarudi moja. Njia yenyewe ni ya zamani mno. Mtawa wa Kibudha Buddhaghosa, aliyeandika akiwa Sri Lanka katika karne ya 5, alishauri usikomee chini ya tano wala usivuke kumi. Chini ya tano, alisema, mawazo yanahangaika kama ng'ombe waliobanwa katika zizi dogo. Ukivuka kumi, akili inaishikilia namba na kuisahau pumzi. Nimejaribu kwenda hadi mia nikaona alichomaanisha: mia unaifikia vizuri kabisa huku unapanga bajeti ya mwezi. Ukiwa na mpaka wa kumi, ukajikuta uko kumi na nne, umekamatwa.

Ukikamatwa, rudi moja. Usitafute ulipotea kwenye namba ngapi, maana huko kutafuta nako ni kuwaza. Usijigombeze pia, kujigombeza kunachukua muda mrefu kuliko lile wazo lenyewe. Siku nyingine hutavuka tatu tangu mwanzo hadi mwisho, na kila uliporudi moja ulikuwa unafanya zoezi lenyewe.

Pumzi iache ijiendee. Wengi wakianza kuhesabu wanavuta hewa kwa nguvu kama wamepanda ngazi, halafu wanalalamika kizunguzungu. Weka kiganja tumboni, ngoja tumbo lishuke, kisha taja namba kimoyomoyo.

Dakika tano zinatosha kuanzia. Tega kengele ya simu, la sivyo utakuwa unafungua jicho moja kuangalia saa, na zima data kabla hujakaa. Mimi nimeona asubuhi, kabla sijagusa WhatsApp, ndiyo rahisi zaidi. Baada ya ugali wa mchana ni kusinzia tu. Ukisinzia, fumbua macho kidogo utazame sakafu. Kukunja miguu si lazima. Kiti cha plastiki kinafaa, mradi mgongo usiuegemeze.

Kuhusu kelele, usisubiri mtaa unyamaze. Bodaboda itapita, jirani atafungulia redio. Umesikia, basi, rudi moja. Muziki wa kutuliza siupendi kwa mwanafunzi, kwa sababu utaishia kuufuata wimbo.

Wapo wanaohofia kwamba jambo hili litagongana na dini yao. Mwalimu wa meditesheni Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, mafunzo yasiyodai imani yoyote. Na aliyezoea tasbihi au rozari anajua tayari jinsi vidole vinavyoendelea na kazi huku moyo umeshafika sokoni.

Ila ukikaa kimya ukaletewa msiba wa zamani au hofu inayobana kifua, acha. Fumbua macho, tembea, zungumza na mtu unayemwamini. Kuvumilia hapo hakukupi tuzo.

Ukishakuwa unafika kumi mara kadhaa bila kupotea, achana na namba, ukae na pumzi puani inapoingia na kutoka. Ukipotea sana, zirudie namba. Mimi siku niliyolala vibaya nahesabu mwanzo hadi mwisho.